Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: mafuta ya transfoma na shahamu ya pomboo

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.
Nakala kwa mawaziri wenye dhamana ya nishati na ya uvuvi, na kwa wenzao wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

YAH: MAFUTA YA TRANSFOMA ZA ZAMANI NA SHAHAMU YA POMBOO

Mheshimiwa Waziri,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Najua mambo haya mawili hayajazoea kukaa mstari mmoja. Ofisini kwako bila shaka kila moja lina faili lake, pengine na ghorofa yake. Nakuomba uyasome pamoja kwa muda wa barua hii.

Mimi ni fundi umeme mstaafu, mkazi wa Tanga. Kwa miaka 31 nimefungua na kufunga transfoma za viwanda, za mashamba ya mkonge na za karakana za watu binafsi. Mwajiri simtaji hata mmoja. Sijaja kushtaki mtu, na wengi wao hawakujua zaidi ya tulivyojua sisi mafundi, yaani karibu na sifuri.

Mafuta ya transfoma kwetu yalikuwa mali. Tukianza tu kufungua transfoma kuukuu, wachomeleaji walishasikia na wako getini na madumu, maana mashine zao za kuundwa mtaani hupozwa kwa mafuta hayo hayo. Fundi aliyenifundisha kazi alijipaka magotini kila asubuhi, akisema yanatoa baridi yabisi. Mikono tuliingiza hadi viwikoni, tukanawa kwa sabuni ya unga na vumbi la mbao, tukakaa kula ugali.

Siku moja, miaka ya 1990, tulikuwa tunabomoa transfoma ya shamba moja la mkonge. Ilikuwa kubwa, ya zamani, kibati chake kimeliwa na kutu. Usiku mvua ilikuwa imenyesha na ndoo zimejaa maji. Kijana mmoja akamimina mabaki ya mafuta ndani ya ndoo bila kumwaga maji kwanza. Mafuta yote niliyokuwa nimewahi kuyashika huelea. Yale yalizama. Yalituama chini ya maji kama asali, nasi tukasimama kuyatazama. Fundi mkuu akasema hayo ni mafuta mazito ya zamani, sifa yake hayashiki moto. Mchomeleaji aliyakataa kwa sababu yalimkereketa puani, kwa hiyo ndoo ikamwagwa kwenye mtaro wa nyuma ya karakana. Mtaro ule unaingia kwenye kijito, kijito kinaishia mikokoni, na mikoko imesimama baharini.

Jina la mafuta yale nimelijua nimeshastaafu. Ni PCB, familia ya kemikali za viwandani zinazopatikana kwa kupachika klorini kwenye kitu kiitwacho bifenili. Kwenye vibati vya transfoma utayakuta kwa majina ya kibiashara kama Aroclor, Askarel, Clophen au Pyranol. Yalianza kutengenezwa kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1920. Marekani ilikataza utengenezaji wake mwaka 1979, na kufikia hapo na miaka iliyofuata dunia ilikuwa imeshazalisha zaidi ya tani milioni moja. Kwa macho ya fundi ni mafuta mazuri mno: hayaungui ovyo, hayachachi, yanazuia umeme kuruka. Uzuri huo huo ndio taabu yake. Vijidudu vya udongoni huyashindwa, miili ya wanyama huyavunja kwa shida sana, na kwa vile hayapendi maji bali mafuta mwenzake, yakishaingia mwilini huitafuta shahamu na kukaa humo.

Baharini huenda hivi. Vijimea visivyoonekana kwa macho hunyonya chembe chache tu. Dagaa hula vijimea na vijidudu vya maji kwa mamilioni, kibua akala dagaa, jodari akala kibua, pomboo akawala wote. Chakula kinachomwa mwilini kuwa nguvu, lakini PCB inabaki. Pomboo amekuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ambayo haina tarehe: kila mjumbe anachangia kidogo kidogo, yeye anapokea vyote, na hakuna siku ya kutumia. Wanyama hawa huishi miongo, wana shahamu nene chini ya ngozi, na wako juu kabisa kwenye ngazi ya kulana. Kwa ndege wa baharini hesabu ni hiyo hiyo, isipokuwa wao hupeleka sehemu ya mzigo kwenye kiini cha yai.

Jike ndiye mwenye pa kutolea. Maziwa ya pomboo yana mafuta mengi, na mafuta hayo hutoka kwenye akiba ya shahamu pamoja na kila kilichohifadhiwa humo. Ndiyo maana majike waliozaa mara nyingi huwa na sumu kidogo kuliko madume wa rika lao. Anayelipa ni kifungua mimba. Nilipolisoma hili nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Mheshimiwa, Januari 2016 kwenye kisiwa cha Tiree, Scotland, mawimbi yalitupa ufukweni jike la nyangumi muuaji, ambaye licha ya jina hilo ni wa ukoo wa pomboo. Watafiti walikuwa wanamfahamu na wamempa jina la Lulu. Alikufa kwa kunaswa na kamba za uvuvi. Walipopima shahamu yake walikuta miligramu 957 za PCB kwa kila kilo ya mafuta, wakati kipimo ambacho madhara huanza kutazamiwa kwa wanyama hawa ni kama miligramu 9. Alikuwa na umri wa miaka 20 au zaidi, na ovari zake hazikuonyesha dalili kwamba ziliwahi kufanya kazi. Kundi lake dogo la pwani ya magharibi halijaonekana na mtoto tangu lianze kufuatiliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Uingereza ilikuwa imeshapiga marufuku PCB tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Marufuku ilifika, mafuta yakabaki kwenye majengo, majalala na matope ya mito, yakaendelea kuvuja.

Mwaka 2018 watafiti walichapisha kwenye jarida la Science hesabu ya makundi 19 ya nyangumi wauaji wa bahari mbalimbali. Zaidi ya nusu ya makundi hayo, kwa mujibu wa hesabu yao, yamo hatarini kuporomoka ndani ya miaka mia moja kwa sababu ya PCB pekee.

Ndege walituonya mapema zaidi. Kwenye kisiwa cha Anacapa, California, mwaka 1970, mwari wa kahawia walijaribu kutaga kwenye viota 552 na wakapata kinda mmoja. DDT, dawa ya kuua wadudu iliyokuwa ikitiririka baharini kutoka kiwandani, ilikuwa imeyafanya maganda ya mayai kuwa membamba kiasi kwamba mama akiatamia anayapasua. Lakini hapa pana habari ambayo mtu mwenye mamlaka anapaswa kuipenda: Marekani ilikataza DDT mashambani mwaka 1972, na mwaka 2009 mwari wale waliondolewa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini. Hatua ilichukuliwa, ndege wakarudi.

Na binadamu? Huko Nunavik, kaskazini mwa Quebec, Kanada, miaka ya 1980 watafiti walikwenda kutafuta maziwa ya akina mama wasio na uchafu wa viwanda ili wayalinganishe na ya mijini. Wanawake wa Kiinuiti wanakula sili na nyangumi, na hawana kiwanda cha PCB kilomita elfu kwa elfu. Maziwa yao yalikuwa na PCB takriban mara tano ya yale ya wanawake wa kusini. Kemikali hizi huvukizwa penye joto, hubebwa na upepo, hutua penye baridi, zikavukizwa tena zikasogea. Mtaro wetu wa nyuma ya karakana nao ni mahali penye joto.

Sasa nije nyumbani, kwa sababu pwani ya kwetu ina habari yake, na imenishangaza.

Kizimkazi, kusini mwa Unguja, hadi miaka ya 1990 pomboo waliwindwa kwa chusa, nyama yake ikawa chambo cha papa. Baadaye watalii wakaja, na pomboo aliye hai akawa na bei kuliko aliyekufa. Wanaoendelea kufa ni wale wanaonaswa kwenye nyavu kwa bahati mbaya. Watafiti walichukua vipande vya shahamu ya pomboo hao walionaswa, wakavipima, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Mabaki ya viuatilifu vya klorini yalikuwepo, lakini chini ya viwango vilivyoripotiwa kwenye bahari nyingine. PCB na wenzake wa viwandani walipatikana kwa chembe ndogo tu. Kilichozidi vyote ni kemikali zenye bromini ambazo, inavyoaminika, zinatengenezwa na viumbe wa baharini wenyewe.

Nilisoma mara mbili. Lulu wa Scotland miligramu 957, pomboo wa Unguja chembe tu.

Kuna watakaokimbilia kuichukua habari hii kuwa ushindi wa sera. Mimi niliyemwaga ndoo ile siwezi. Bahari yetu ilikuwa safi kwa sababu hatukuwa na viwanda vingi, transfoma zetu zilikuwa chache, na joto letu pengine lilizipeperusha kemikali hizi kwenda kwa wengine. Leo nguzo za umeme zimefika vijijini, viwanda vinajengwa Kibaha, Mkuranga na Tanga, na vyuma chakavu vina soko kila mtaa. Zile transfoma za zamani ndiyo kwanza zinafikia umri wa kung'olewa, na hatari kubwa ya transfoma iko siku ya kung'olewa. Ikiwa imefungwa, imetulia, PCB iko ndani ya chuma. Akija mtu na bomba la kunyonya na madumu matatu, imeshatoka.

Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali za sumu zisizooza, tangu 2004, mwaka ule ule ulipoanza kutumika. Mkataba unataka nchi ziwe zimeacha kutumia PCB kwenye mitambo ifikapo 2025, na ziwe zimeshughulikia taka zake kwa njia salama ifikapo 2028. Tarehe ya kwanza imepita. Ya pili iko mlangoni. Ombi langu la kwanza ni dogo: tuonyeshe daftari. Ni transfoma ngapi zimepimwa, ngapi zimekutwa na zaidi ya miligramu 50 za PCB kwa kilo ya mafuta, ziko wapi, nani anazilinda. Kama daftari lipo ndani ya kabati, libandikwe tovutini tulisome.

Na nakuomba uwaulize wataalamu wako swali ambalo fundi peke yake ndiye angeliuliza: mashine ya kuchujia mafuta ilipita wapi? Mafuta ya transfoma yakichakaa hayatupwi. Tunaleta mashine, tunayazungusha, tunatoa maji na uchafu, tunayarudisha. Mashine ile ile leo iko kwenye transfoma ya mwaka 1965, kesho imeunganishwa kwenye ya mwaka 2005. Mabaki yaliyomo kwenye mabomba na chujio yanahama nayo. Kwa hiyo ukienda na karatasi ukasoma mwaka wa kutengenezwa kwenye kibati na kusema "hii ni mpya, haina tatizo", umedanganyika. Inabidi kuchovya na kupima. Vipimo vya haraka vya klorini vinavyobadilisha rangi vipo, mtu aliyemaliza kidato cha nne anafundishwa kuvitumia kwa asubuhi moja, na zile chache zitakazoonyesha shaka ndizo zipelekwe maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kipimo hicho kingefaa kufanywa kila mara kabla mashine ya kuchuja haijaunganishwa, na kiandikwe.

Usisahau transfoma ambazo si za umma. Macho yote huelekea kwenye nguzo za barabarani, ilhali nilizozigusa mimi nyingi zilikuwa ndani ya kuta za watu: mashamba, vinu, viwanda vya nguo vilivyofungwa, karakana zilizobinafsishwa mara mbili mpaka hakuna anayekumbuka nini kimo stoo. Kwenye stoo hizo kuna pia kapasita za zamani, vidude vya umeme vinavyolingana na kopo la maziwa, navyo huweza kuwa na PCB ndani, ambavyo mkusanya vyuma chakavu huvipasua kwa nyundo.

Minada ndiyo inayonikosesha usingizi. Mitambo chakavu huuzwa kwa jumla kama ilivyo, mafuta yakiwemo, kwa anayetoa bei ya juu. Mnunuzi anataka shaba. Mafuta ni usumbufu, atayamwaga au atayauza, na nyaya atazichoma uwanjani ili plastiki iungue. PCB ikichomwa kwa moto wa kawaida haiishi; sehemu yake hugeuka furani, ambazo ni kali kuliko yenyewe. Kuiteketeza sawasawa kunahitaji tanuri la zaidi ya nyuzi 1,100 na uangalizi. Marufuku moja ya kuuza transfoma yoyote kwenye mnada bila cheti cha kupimwa mafuta ingefanya kazi kubwa kuliko semina kumi. Nimehudhuria semina. Chai ilikuwa nzuri.

Tusijidanganye pia kwamba kuondoa mapipa ni kumaliza kazi. Unaikumbuka Vikuge, Mheshimiwa? Ni pale Mkoa wa Pwani, shamba lililopokea mwaka 1986 shehena ya msaada wa viuatilifu kutoka Ugiriki, vingine vikiwa vimeshapita muda wake. Banda likaanguka juu yake. Baadaye mabaki yaliyoonekana kwa macho yakaondolewa, na watafiti walipokwenda kupima udongo wa juu walikuta sehemu ambayo asilimia 28 ya udongo wenyewe ilikuwa DDT na ndugu zake. Zaidi ya robo! Udongo ule ulikuwa umegeuka pipa. Ningependa kujua hali ya Vikuge leo, na nadhani wakazi wa vijiji vya jirani wangependa zaidi yangu.

Ndege nimewagusa kidogo, niwarudie. Kusini ya Unguja, mbali na nchi kavu, kuna kisiwa tambarare kisicho na mti, Fungu Kizimkazi, ambako ndege wa bahari kuu hutaga. Hapo hapana karakana wala jalala. Plastiki lakini hufika popote. Watafiti wa Kijapani waliwachunguza ndege 12 wa bahari kuu wa Pasifiki ya Kaskazini, na kwenye shahamu ya watatu kati yao wakakuta kemikali za kuzuia moto ambazo hazikuwemo kwenye samaki wanaowala. Zilikuwemo kwenye vipande vya plastiki vilivyokuwa tumboni mwao. Ni kemikali za aina ile ile iliyowekwa kwenye magamba ya televisheni na kompyuta, yale tunayoyaingiza kwa makontena kama mitumba na kuyatupa baada ya mwaka mmoja. Kuna na povu la kuzimia moto wa ndege, ambalo aina zake za zamani zilikuwa na PFOS, kemikali nyingine isiyooza, iliyoingizwa kwenye orodha ya Mkataba mwaka 2009. Viwanja vya ndege vya pwani vitangaze vina povu gani kwenye matangi. Jibu ni mstari mmoja.

Ombi la mwisho halina gharama kubwa, na ndilo ninalolipenda. Kila mwaka kuna pomboo anayenaswa kwenye jarife au anayetupwa ufukweni, Tanga, Pemba, Mafia, Kilwa. Kwa sasa anazikwa mchangani, au analiwa, au anakatwa chambo usiku. Mfundishe mtu mmoja kwenye kila BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za bahari cha kijiji, kukata kipande cha shahamu cha ukubwa wa kiberiti, kukifunga kwenye karatasi ya alumini, kuandika tarehe, mahali, jike au dume, na kukiweka kwenye jokofu la barafu mpaka gari lipite kukichukua. Taasisi ya Sayansi za Bahari iko Zanzibar, wanajua la kufanya. Hata tusipokuwa na fedha ya kupima mwaka huu, shahamu iliyogandishwa husubiri. Vipande vile vya kwanza vimetupa alama ya pa kuanzia. Bila vingine vya kulinganisha, hatutajua kama mstari unapanda mpaka siku jike la kwanza litakapoacha kuzaa, na hata siku hiyo hatutajua kwa nini.

Mvuvi naye asitishwe. Nitakasirika nikisikia redioni kesho kwamba samaki wa Tanga wana sumu, maana sijasema hivyo na vipimo havijasema hivyo. Dagaa na kibua wako chini ya ngazi. Ninaowazungumzia ni walio juu yake, wanaoishi muda mrefu na wasioweza kuchagua chakula.

Mheshimiwa, mtaro niliousimulia bado upo. Nilipita hapo miezi michache iliyopita. Karakana imefungwa, ukutani pameandikwa kwa rangi nyekundu INAUZWA, na nyuma, kwenye majani, kuna transfoma nyingine mbili ambazo nazijua. Moja ilikuwa bado imefungwa boliti zote. Ya pili kifuniko kimeshaondolewa. Nikiitwa, nitakuja kuwaonyesha, na ndoo ya maji ya kupimia nitabeba mwenyewe.

Naomba kuwasilisha.

Fundi umeme mstaafu,
Tanga